Maonyesho Kwenye Hospitali Iliyojaa

Palikuwa na nchi, na bado ipo, inaitwa Jamhuri ya Tayari. Usijisumbue kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu waliopewa kazi ya kuichora walitangaza kwamba wameshamaliza, wakapongezwa, wakaenda zao nyumbani. Ni nchi tamu sana kwa mtu asiyetoka nje. Ukifunga mlango ukawasha redio, utasikia barabara imekamilika, bomba la maji limekamilika, shule imekamilika mpaka na kengele yake. Ipo hata wizara nzima, Wizara ya Mambo Yaliyokamilika, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kwamba jambo likishatangazwa kuwa limekwisha, asitokee mtu mkorofi akalianza.

Katika mji wa Mlowoka, ulio mbali na makao makuu lakini si mbali na redio, kulikuwa na Chuo cha Sanaa, na katika chuo hicho mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aitwaye Nyamizi Lugoye. Nyamizi alichora kwa mkaa. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye vidole vyeusi hata siku za sikukuu, na walimu waliandika kwenye ripoti yake kwamba ana kipaji ila ana sura ya mtu anayetaka kuuliza swali.

Mwaka ule yeye na wenzake sita walitakiwa kufanya maonyesho ya pamoja ili wahitimu. Ukumbi wa chuo ulikuwepo, mzuri, wenye madirisha mapana, ila ulikuwa umejaa mazulia mekundu na makasha ya mikasi ya kukatia utepe, kwa kuwa wilaya haikuwa na mahali pengine pa kuhifadhi vifaa vyake vya uzinduzi. Mkuu wa chuo akawaambia watafute mahali popote penye kuta.

"Kuta zipo," alisema Nyamizi. "Kule kwenye Hospitali ya Wazazi."

Wenzake wakatazamana. Shomvi, aliyekuwa fundi wa kuunga vyuma na mtu wa mzaha kwa kila jambo, safari hii hakufanya mzaha.

Hospitali ya Wazazi ya Mlowoka ilikuwa imezinduliwa mara nne na viongozi wanne. Kila mmoja aliacha jiwe la marumaru lenye jina lake, na mawe hayo manne ndiyo yaliyokuwa yamekamilika. Nyuma yake kulikuwa na jengo la ghorofa mbili lisilo na milango, lenye paa upande mmoja tu. Mfanyakazi wake alikuwa mmoja, mlinzi, Mama Semeni, mwanamke wa makamo aliyekuwa amepanda bamia ndani ya chumba cha upasuaji kwa sababu ndicho kilichopata jua zuri.

Sasa, mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya siku hiyo, dada yake Nyamizi, Kabula, alishikwa na uchungu. Nesi wa zahanati ya kijijini aliona mtoto amekaa vibaya, akamwandikia rufaa. Rufaa huandikwa kwenda hospitali ya wilaya ya mgonjwa, ndivyo sheria inavyosema, na hospitali ya wilaya ilikuwa hiyo yenye bamia. Kabula akapakiwa kwenye tela la trekta lililobeba pamba, akapelekwa Ilundo, wilaya ya jirani, ambako hospitali ni hospitali kweli. Pale mapokezi walisoma karatasi yake, wakairudisha.

"Dada, wewe una hospitali yako. Mpya kabisa. Tukikupokea tutaulizwa."

Trekta likageuza. Mtoto alizaliwa juu ya pamba, wa kiume, akalia, akaishi mpaka walipovuka daraja la pili. Nyamizi alikuwa ndani ya tela. Ni yeye aliyekuwa ameshika kichwa cha dada yake, na ni yeye aliyetangulia kuona kwamba mtoto ameacha kulia. Tangu siku hiyo alikuwa na hasira ambayo haikupanda wala kushuka. Alilala nayo, akaamka nayo, akapiga nayo mswaki.

*

Kutumia jengo la serikali kunahitaji kibali, kwa hiyo Nyamizi na Shomvi walikwenda ofisi ya wilaya, kwa Bwana Kalikawe, Ofisa wa Mambo Yaliyokamilika. Alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni, na hakuwa mtu mbaya. Watu wa namna hiyo ndio wanaochosha zaidi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, vijana wangu. Kaeni. Mmekuja kwa suala la sanaa? Serikali inapenda sanaa. Imeshaipenda tangu mwaka juzi, ipo kwenye taarifa."

Nyamizi akaeleza. Siku moja tu, michoro na sanamu za wanafunzi saba, ndani ya jengo la Hospitali ya Wazazi, wasafishe wenyewe wakimaliza. Bwana Kalikawe alimsikiliza huku uso wake ukizidi kuwa wa mzazi aliyesikia mwanawe anataka kucheza mpira msikitini.

"Binti, maonyesho? Ndani ya hospitali? Na wagonjwa je?"

"Wagonjwa gani, mzee?"

"Wagonjwa waliolazwa! Akina mama waliojifungua! Wanahitaji utulivu. Hospitali yenyewe imejaa. Vitanda sabini na viwili, wagonjwa mia mbili na kumi na sita. Wanalala watatu watatu. Ni changamoto, tunakiri, lakini ni changamoto ya mafanikio."

Shomvi alikohoa. "Mzee, mimi jana nimepita pale. Niliona mbuzi."

"Kijana," alisema Bwana Kalikawe kwa upole, "wewe uliona. Mimi nina daftari."

Akainuka, akalitoa kabatini, daftari kubwa lenye jalada la bluu, akaliweka mezani kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Mpangilio wake ulikuwa rahisi na hauna kosa. Kila rufaa iliyoandikwa kwenda Hospitali ya Wazazi, nakala yake ililetwa ofisini. Nakala ikifika, mgonjwa amefika. Na kama hakuna mtu aliyekuja kulalamika kwamba mgonjwa hakujifungua, basi amejifungua, na salama. Na kwa kuwa hakuna daktari wa kumwandikia ruhusa ya kutoka, bado yumo.

Nyamizi alisoma. Alishusha kidole chake cheusi kwenye orodha, jina kwa jina, mpaka kikasimama.

*Kabula Lugoye. Kitanda namba 31. Amejifungua salama. Mtoto wa kiume, gramu 3,200. Hali ya mama: ana furaha. Hali ya mtoto: ananyonya.*

Alilisoma neno hilo la mwisho mara nyingi. Ofisini kulikuwa na feni, na feni hiyo ilikuwa ikilia, na Nyamizi aliona kwamba angeweza kuing'oa na kumpiga nayo yule mzee msafi mpaka kalamu zote tatu zivunjike. Aliona jambo hilo wazi kabisa, kama mchoro uliokamilika. Shomvi alimshika kiwiko.

"Umeona?" alisema Bwana Kalikawe kwa fahari. "Kila kitu kimo."

"Nimeona," alisema Nyamizi, na sauti yake ikatoka laini hata yeye mwenyewe akaishangaa. "Mzee, na hawa wagonjwa, mtu anaruhusiwa kwenda kuwaona?"

Bwana Kalikawe alimtazama. Kisha macho yake yakajaa furaha ya kweli, furaha ya mtu aliyeandaa karamu miaka minne na sasa amesikia hodi ya kwanza.

"Anaruhusiwa! Ni haki ya kila raia! Saa nne mpaka saa sita, kila Jumamosi. Fomu zipo. Hatujawahi hata kufungua boksi." Akainama chini ya meza, akaibuka na vumbi usoni. "Jina la mgeni hapa. Jina la mgonjwa hapa. Na hapa, zawadi anayopelekewa mgonjwa."

"Zawadi yoyote?"

"Isiwe pombe, isiwe mnyama."

"Picha?"

"Picha ni zawadi nzuri sana. Huchangamsha wodi."

Aligonga muhuri fomu mia mbili kwa mkono wake mwenyewe, akijisemea chini chini kwamba idadi hiyo ya wageni itapendeza kwenye taarifa ya robo mwaka. Sanamu za Shomvi ziliandikwa mojamoja. Alipofika kwenye kitanda cha mtoto alichokiunga kwa spoki za baiskeli, Bwana Kalikawe alisita.

"Lakini vitanda vipo."

"Cha akiba, mzee," alisema Shomvi.

"Ah. Cha akiba. Sawa."

*

Kabula alikuwa uani kwake, anachambua choroko kwenye ungo. Nyamizi alikaa kwenye kinu kilicholazwa, akamweleza kila kitu, kuanzia fomu mpaka daftari. Kabula hakuinua macho.

"Kwa hiyo unataka kunichora," alisema.

"Dada, sijasema..."

"Mwanangu amekufa, wewe unataka kumtundika ukutani ili walimu wako wakupe maksi. Ndivyo mlivyofundishwa huko chuoni?"

Kulikuwa na ukweli ndani ya maneno yale, na ukweli huo ulimchoma Nyamizi, kwa sababu kweli alikuwa ameshachora, na kweli michoro ilikuwa mizuri. Alikuwa nayo kumi na miwili chini ya godoro.

Ungo ukaendelea kurushwa. Maganda yakapeperuka.

"Wameandika nini hasa?" Kabula aliuliza baadaye.

"Kitanda namba thelathini na moja. Umejifungua salama. Una furaha. Mtoto gramu elfu tatu na mia mbili, ananyonya."

Ungo ukasimama hewani. Choroko chache zikaanguka mchangani na Kabula hakuziokota.

"Walimpima wapi?" aliuliza.

Nyamizi aliinama kuziokota zile choroko.

"Nauliza, walimpima wapi? Mimi mwenyewe sijui mwanangu alikuwa na uzito gani. Mama alimzika hajapimwa. Mizani waliitoa wapi hao?" Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini shingo ilikuwa imesimama mishipa. Aliweka ungo chini. "Jumamosi, umesema?"

"Jumamosi, saa nne."

"Nitakuja. Lakini usinichore, Nyamizi. Ukinichora, mimi na wewe basi."

Jioni ileile Nyamizi alitoa michoro kumi na miwili chini ya godoro, akaichoma jikoni kwa dada yake, moto ukaivisha choroko.

Siku zilizofuata hakuchora chochote. Alitembea. Alikuwa amenakili majina ya daftari, na yeye na Kabula walipita kijiji kwa kijiji kuwatafuta wenye majina hayo. Wengine walikuwa wamekufa. Wengine walikuwa na watoto wazima waliozaliwa kwa bahati, nyuma ya stoo, kwenye kituo cha polisi, mmoja kwenye banda la kuuzia vocha. Nyamizi alibisha hodi, akasalimia, akasema, "Mama, wewe umelazwa hospitali ya wilaya tangu mwezi wa tatu mwaka jana. Jumamosi uje uone kitanda chako." Wengi walidhani ni mwehu. Kabula alipowasomea kilichoandikwa, waliacha kudhani.

*

Jumamosi ile wanafunzi saba waliingia mapema, wakafagia, wakawatoa mbuzi. Bamia waliziacha, Mama Semeni alisema hizo ni za kwake na hazina fomu. Kisha wakafanya maonyesho, na maonyesho yenyewe yalikuwa hivi. Walichukua chokaa, wakachora vitanda sakafuni, sabini na viwili, kila kimoja kwa kipimo chake halisi, vyumba vya juu na chini. Juu ya kila kitanda, ukutani, Nyamizi aliandika kwa mkaa yale yale ya daftarini, bila kuongeza wala kupunguza: jina, gramu, ana furaha, ananyonya. Shomvi aliweka vitanda vyake vya spoki katikati ya ukumbi, kumi na vinane, vitupu. Wenzao watano walitundika picha walizochora za vitu walivyoambiwa na akina mama: trekta, benchi la polisi, kanga iliyofungwa fundo. Basi. Hapakuwa na kingine.

Saa nne wageni wakaanza kufika na fomu zao. Mama Semeni alikaa mlangoni, amevaa kofia ya kazi, akiandika majina kwenye kitabu cha wageni ambacho karatasi zake zilikuwa bado zimeshikana. Walikuja wanafunzi, wakaja mafundi cherehani, wakaja wazee waliotaka tu kuona ndani kukoje. Walizungumza kwa sauti mlangoni, wakaanza kusoma walipofika ukuta wa kwanza.

Kisha wakaja akina mama. Walikuja arobaini na watatu. Walitembea wakisoma ukutani, mwenye kujua kusoma akimsomea asiyejua, na kila aliyeliona jina lake alisimama. Mmoja aitwaye Mwajabu, mkulima wa tumbaku, alifika kwenye kitanda chake cha chokaa, akakitazama, akavua viatu, akaingia ndani ya mistari, akakaa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Wa pili akakaa. Kabula alikwenda namba thelathini na moja akakuta wenzake wawili wameshafika, maana walikuwa wamelazwa watatu. Wakasogeana.

Nyamizi aliwatazama kutoka mlangoni. Mkono wake wa kulia ulitafuta mkaa mfukoni wenyewe. Akaurudisha.

Saa tano na robo, Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Kongoro, alifika na magari matatu. Alikuwa na haraka ya halali. Jumatatu ujumbe wa Wizara ulikuwa unakuja kumkabidhi Kombe la Hospitali Tulivu, kwa kuwa katika taifa zima hapakuwa na hospitali iliyopokea malalamiko machache kama ile.

"Nini hiki?" alifoka. "Nani kawaruhusu? Toeni watu wote!"

Bwana Kalikawe, aliyekuwa amekuja naye, alimsogelea sikioni. "Mheshimiwa, ni saa ya kuona wagonjwa. Fomu zina muhuri."

"Wagonjwa gani, wewe? Huoni hakuna..."

Akajikwaa hapo hapo. Watu wote walikuwa wamegeuka kumsikiliza. Shomvi alikuwa ameinua simu yake juu.

"Malizia, Mheshimiwa," alisema Nyamizi. "Hakuna nini?"

Mheshimiwa Kongoro alifunga mdomo. Unaweza kumcheka, lakini hebu jiweke mahali pake. Akisema wagonjwa hawapo, kombe halipo, na miaka minne ya taarifa haipo. Akisema wapo, basi hawa wageni wana haki. Alisimama pale kwenye jua, akitoa jasho, akatazama saa.

"Tutafuata utaratibu," alisema hatimaye kwa sauti ya jukwaani. "Serikali hii inaheshimu wagonjwa wake. Saa sita kamili, wageni wote watoke, wagonjwa wapumzike."

Saa sita ilipofika, Mama Semeni aligonga chuma. Wageni wakatoka kwa adabu. Akina mama arobaini na watatu hawakusogea.

"Na hawa je? Kwa nini hawatoki?"

Mama Semeni alifunua kitabu chake, akakipitia taratibu, kurasa zote. "Hawa si wageni, Mheshimiwa," alisema. "Hawa wamelazwa."

*

Akaitwa Mganga Mkuu wa Wilaya, Daktari Mbiku, aje awape wagonjwa ruhusa ya kutoka. Alikuwa mwembamba, na kwa jina hospitali ile ilikuwa yake. Kwa miaka minne alikuwa akipitisha taarifa zake bila kukanyaga ndani. Aliingia na meza ndogo, kiti na bunda la karatasi za ruhusa, akaketi ukumbini katikati ya vitanda vya spoki. Mkuu wa Wilaya alisimama nyuma yake na muhuri mkononi.

"Wa kwanza," alisema daktari.

Kabula akainuka kutoka namba thelathini na moja. Nyamizi akasimama kando yake. Daktari aliandika bila kuinua kichwa, kama alivyozoea: mama na mtoto wametoka wakiwa wazima. Akamsogezea karatasi atie sahihi.

Kabula aliisoma. "Sawa," alisema. "Nipeni mtoto wangu niondoke naye."

Daktari aliinua kichwa.

"Mmeandika mama na mtoto," alisema Kabula. "Mama ni mimi. Mtoto mnaye nyinyi, kwenye daftari. Mwaka mzima mmekaa naye, ananyonya. Nimekuja kumchukua."

"Mama, hebu elewa, hiyo ni lugha ya fomu..." alianza Bwana Kalikawe.

"Sijazungumza na wewe!" Sauti ya Kabula ilipasuka, ikagonga kuta zile zisizo na milango, ikarudi. "Nazungumza na daktari. Gramu elfu tatu na mia mbili! Uliniwekea wapi, daktari? Yuko chumba gani? Bila mwanangu sitoki hapa, mniue mnizike humu humu."

Nyuma yake akina mama walikuwa wamesimama, kila mmoja ndani ya mistari yake. Mmoja alisema, "Na wangu pia." Wa pili akasema. Hazikuwa kelele, na hilo ndilo lililokuwa baya. Walisema mmoja mmoja, kama wanaitika majina darasani.

Mkuu wa Wilaya alitazama nje, barabarani, ambako watu walikuwa wanazidi. "Daktari," alisema huku ameuma meno, "andika anachotaka. Andika chochote, mimi nitagonga, watoke! Jumatatu nina wageni."

Daktari Mbiku alimtazama Kabula. "Unataka niandike nini, mama?"

"Kilichotokea."

Akachukua karatasi nyingine. Kabula alisema, naye akaandika: *Kabula Lugoye hakulazwa hapa. Mtoto wake alizaliwa kwenye tela la trekta akafia njiani, hakupimwa. Hospitali hii haina daktari, haina nesi, haina kitanda, haina maji. Haijawahi kupokea mgonjwa.* Kabula aliishia hapo. Daktari hakuweka kalamu chini. Akaongeza mstari mmoja wa kwake, bila kuulizwa: *Mgonjwa yeyote kutoka wilaya hii apokelewe popote atakapofika.* Akatia sahihi, kisha akawaandikia wengine vivyo hivyo, mmoja mmoja.

Mheshimiwa Kongoro akagonga muhuri. Hakusoma. Nchini Tayari kiongozi akianza kusoma anachokigonga, kazi hazitakwisha. Aligonga arobaini na tatu, akifuta jasho, akiharakisha, na kila mama alipopokea yake aliipuliza wino ukauke, akavaa viatu, akatoka.

*

Mambo yaliishia hivi. Jumatatu Mheshimiwa Kongoro alikabidhiwa kombe lake, na ndani ya miezi miwili akapandishwa cheo, kwa kuwa wilaya yake ilivunja rekodi ya taifa: wagonjwa arobaini na watatu kuruhusiwa siku moja, wote wazima. Ujumbe wa Wizara ulivikuta vitanda vya chokaa sakafuni, ukavihesabu, ukaviingiza kwenye taarifa kama vitanda vipya sabini na viwili, msaada wa vijana wazalendo. Daktari Mbiku alihamishwa kwenda kukagua mizani ya mifugo mpakani. Nyamizi na Shomvi walifukuzwa chuo. Barua ilisema kosa lao ni kupeleka zawadi za ukubwa usiofaa.

Nyamizi aliisoma barua hiyo amesimama, akaikunja, akarudi kijijini, na hasira yake ikiwa pale pale ilipokuwa. Alitegemea itapungua. Haikupungua hata punje.

Wiki ya tatu Mwajabu alikuja mbio kutoka Ilundo. Mdogo wake alikuwa ameshikwa na uchungu, wakamkimbiza, mapokezi wakaanza wimbo wao ule ule kwamba ana hospitali yake mpya. Mwajabu akaitoa karatasi kifuani, akaiweka mezani. Wakaisoma. Wakauona muhuri wa Mkuu wa Wilaya, na hakuna aliyethubutu kuupinga. Msichana alipasuliwa saa ile ile, yeye na mtoto wako hai, na mtoto amepimwa.

Habari haikuhitaji redio. Kufikia mwisho wa mwezi wanawake wenye mimba walikuwa wanakuja kwa Kabula kutoka vijiji ambavyo hata yeye hakuvijua, wakiomba nakala. Kwa hiyo kila Jumanne na Ijumaa Nyamizi na dada yake waliketi mbele ya duka la kutoa kopi, sokoni Mlowoka, karatasi ikipita kwenye mashine, foleni ikizunguka mpaka kwa wauza dagaa.

Ijumaa moja Nyamizi alinyanyua kichwa akamwona Bwana Kalikawe kwenye foleni. Alikuwa msafi kama siku zote, kalamu tatu mfukoni, na kando yake msichana mwenye mimba kubwa, miguu imevimba, mwenye uso kama wa baba yake kabisa. Alipofika mbele hakujua pa kuweka macho.

"Binti yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ni mwanangu wa mwisho. Shinikizo lake la damu liko juu. Naomba nakala moja."

Kabula aliacha kupanga karatasi. Nyamizi alihisi ile feni ikizunguka tena kichwani mwake, na maneno yote aliyoyatunza mwaka mzima yakapanda mpaka kooni. Akamtazama yule msichana, aliyekuwa ameegemea ukuta, anahema. Akavuta kiti chake mwenyewe akampa. Kisha akachukua nakala iliyotoka sasa hivi, bado ina moto, akamnyooshea Bwana Kalikawe.

"Isome kwanza, mzee," alisema. "Kwa sauti."

Bwana Kalikawe aliishika kwa mikono miwili. Akarekebisha miwani.

"Hospitali hii," alisoma, "haina daktari, haina nesi, haina kitanda..."

"Huku nyuma hatusikii!" alipaza sauti mwanamke mmoja upande wa wauza dagaa.

Bwana Kalikawe aliinua karatasi, akaanza upya.